Kulipia Kiti Moshi: kwa Siku, kwa Mwezi au kwa Msimu?

Anayetafuta chumba cha ofisi mjini Moshi, iwe kandokando ya Barabara ya Mawenzi au juu kuelekea Shantytown, hukutana na sharti lilelile: kodi ya miezi sita mkononi, na wapo wenye nyumba wanaotaka ya mwaka mzima, ndipo apewe ufunguo. Bado hajanunua meza, hajavuta intaneti, hajatafuta mlinzi. Ofisi ya pamoja imekuja kumwondolea kijana mzigo huo. Unalipia kiti, mengine unayakuta. Huko San Francisco, Brad Neuberg alianza na ya kwake mwaka 2005, ikiwa wazi siku mbili tu kwa wiki. Nairobi wakafungua iHub kwenye Barabara ya Ngong mwaka 2010, na Buni Hub ikafuata Dar es Salaam, katika jengo la Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Kaskazini tumechelewa kidogo, lakini sasa swali limefika mlimani: kiti hicho ukilipie kwa kipimo gani?

Ninalichukulia swali hili kwa uzito kwa sababu vijana wengi wa Moshi wanafanya kazi isiyo na mwajiri mmoja, na kosa la elfu hamsini kila mwezi linatosha kumrudisha mtu kijijini na kompyuta yake ikiwa imefungwa. Hawa wanaozungumza hapa nimewaunda mwenyewe kwa ajili ya mjadala, ila mahitaji yao ni ya mji huu. Bei nazo ni za mfano: pasi ya siku shilingi 10,000, kadi ya siku kumi 80,000, uanachama wa mwezi, unakaa kiti chochote kilicho wazi, 150,000, meza ya kudumu yenye kabati la kufunga, 250,000.

MHASIBU: Tuanze na hesabu, maana ndiyo haina maneno. Mwezi una siku 22 za kazi. Kwa pasi ya elfu kumi, ukija siku 15 umeufikia uanachama. Wengi wanaishia hapo, wanalipa mwezi. Lakini pembeni kuna kadi ya siku kumi, na kwa kadi kila siku inakugharimu 8,000. Gawanya 150,000 kwa 8,000: unapata siku 18 na ushee. Kwa hiyo uanachama unaanza kukulipa siku ya 19. Mtu wa kuja siku 19 katika 22 ni mtu asiyeumwa, asiye na msiba, asiyeitwa benki wala kwa mteja. Mimi simjui.

MTAFSIRI: Mama, hesabu yako ni sahihi, lakini inahesabu siku tu. Mimi naishi Kibosho. Nashuka mjini mara tatu kwa wiki, kwa hiyo kwa maneno yako kadi inanitosha. Sasa wateja wangu wako New York. Kuanzia Machi hadi Novemba wakiwa wamesogeza saa zao mbele, wanaingia kazini saa tatu asubuhi yao, hapa ni saa kumi jioni. Wakirudisha saa nyuma inakuwa saa kumi na moja. Soma nyuma ya kadi: inatumika saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Wakati mteja anaamka, mimi naambiwa nikusanye waya zangu.

MHASIBU: Na mwanachama?

MTAFSIRI: Mwanachama anaingia hadi saa nne usiku. Mteja wa California ndiye kabisa: wakati anafungua barua pepe zake hapa ni saa moja usiku. Kwangu mimi elfu themanini ya kadi ni ghali kuliko laki na nusu, kwa sababu inaninunulia saa ambazo sina kazi nazo.

Hili la saa ndilo ningependa kila msomaji alibebe mlangoni kabla hajauliza bei. Pasi nyingi za siku zimepimwa kwa mtu anayefanya kazi na Dar es Salaam au na Ulaya. Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa moja au mbili tu, kwa hiyo anayeandikia kampuni ya Munich atashiba na pasi. Anayewatumikia Wamarekani hatashiba. Swali linalofuata, ambalo ofisi haiulizwi ingawa linapaswa kuulizwa, ni la usafiri: saa nne usiku hupati gari la Kibosho, labda bodaboda, na msichana peke yake kwenye barabara ile usiku ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

MTAFSIRI: Nalala kwa dada yangu Majengo siku hizo. Lakini umesema kweli. Nauli na mahali pa kulala ni sehemu ya bei ya kiti.

MUUZA SAFARI: Ninyi mnabishana siku na saa. Mimi biashara yangu haina mwezi. Wageni wa mlima wanakuja Januari hadi mwanzoni mwa Machi, wanapungua masika, wanarudi Juni hadi Oktoba. Aprili na Mei simu inalala. Nikilipa uanachama wa mwaka, miezi miwili mizima nalipia kiti cha kuangalia mvua. Tena hata msimu ukichanganya, mimi mwenyewe napanda. Njia ya Machame ni siku sita au saba. Mwezi wa Agosti naweza kupanda mara mbili, na kiti nilicholipia mjini kinakaa tupu nikiwa Shira na Barafu.

MHASIBU: Basi chukua pasi, Mangi. Siku ukishuka, unalipa, unajibu barua zako, unaondoka.

MUUZA SAFARI: Siwezi. Nikipeleka maombi ya leseni naulizwa ofisi iko wapi. Mgeni akitoka uwanja wa KIA anataka kukaa mahali aelezwe mlima, akaguliwe viatu na koti kabla ya kesho yake. Pasi ya siku hainipi anwani. Huwezi kuandika kwenye fomu kwamba ofisi yako ni kiti cha tatu kutoka dirishani, kikiwa wazi.

MSIMAMIZI WA OFISI: Naomba na mimi nisikike, maana wote mnaongea kana kwamba kiti kimeota chenyewe. Mwenye nyumba kanidai miezi sita mbele, nikalipa. Nina laini mbili za intaneti kutoka kampuni mbili. Nina jenereta. Yote hayo nayalipia kwa mwezi au kwa nusu mwaka, halafu ninyi mnataka kunilipa kwa siku. Pesa ya pasi ya leo haininunulii petroli ya kesho.

MUUZA SAFARI: Lakini siku za pasi si zipo nyingi?

MSIMAMIZI: Zipo, ila zinakuja zote kwa mpigo. Kumbukeni mgao wa umeme wa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, kabla ya mashine ya kwanza ya Bwawa la Nyerere kuanza kuzalisha Februari ile. Umeme ukikatika saa nne asubuhi, saa nne na nusu nilikuwa na foleni ya pasi mlangoni. Ukirudi, hakuna mtu. Sasa fikirieni: jenereta linawaka kwa sababu wanachama walilipa tangu tarehe moja, halafu anayekuja na elfu kumi siku hiyo moja anakalia kiti cha mwanachama aliyechelewa dakika kumi. Nani kamlipia nani?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na nina upande. Anayenunua kwa siku hununua siku mbaya. Siku nzuri yuko nyumbani, umeme upo, bando lipo. Ofisi inayoishi kwa pasi pekee itakuwa tupu siku ishirini na kufurika siku mbili, na haitakuwepo mwakani. Ugonjwa huu hauko Moshi tu. WeWork ya Marekani ilisaini mikataba mirefu na wenye majengo, ikawauzia watumiaji muda mfupi mfupi. Wapangaji walipopungua kodi haikupungua, na Novemba 2023 kampuni iliyowahi kuthaminiwa dola bilioni 47 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wanaoidai. Msimamizi wetu aliyelipa miezi sita huku anauza kwa siku yuko katika mtego huohuo, kwa kiasi kidogo.

Kwa hiyo napenda uanachama. Lakini si huu unaouzwa.

MZEE WA USHIRIKA: Nimekaa nawasikiliza, wanangu. Mimi nimekuwa katibu wa chama cha msingi cha kahawa miaka mingi, na neno mwanachama nalijua kwa jasho. Naomba nimuulize huyu kijana wa ofisi.

MSIMAMIZI: Shikamoo mzee wangu. Uliza.

MZEE: Marahaba. Huyu binti akikulipa laki na nusu kila mwezi kwa mwaka, mwisho wa mwaka ana nini kwako?

MSIMAMIZI: Amepata huduma, mzee.

MZEE: Anaitwa mkutanoni? Anaonyeshwa mapato na matumizi? Mwakani ukipandisha bei, anapiga kura?

MSIMAMIZI: Hapana, mzee. Hii ni biashara yangu binafsi.

MZEE: Si vibaya. Ila acha niwaambie tulikotoka. Wakulima wa huku walianza chama chao mwaka 1925, serikali ikakigeuza kuwa ushirika, na mwaka 1933 ikaandikishwa KNCU. Mwanachama alipeleka kahawa kwenye chama chake cha msingi, akapata malipo ya kwanza. Kahawa ikiuzwa mnadani, yakaja malipo ya pili. Yale ya pili ndiyo yaliyokuwa yanamwambia kwamba mle ndani ana chake. Na walipolazimishwa kuuza yote kupitia chama, wapende wasipende, mwaka 1937 watu wa mlima walifanya fujo kwa sababu waliona wamefungwa bila kusikilizwa.

MTAFSIRI: Kwa hiyo, mzee, uanachama wa kulazimisha haufai?

MZEE: Haufai. Lakini sikiliza na upande wa pili. Vyama vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976, vikarudi miaka ya themanini. Halafu msimu wa 1994/95 soko likafunguliwa, wakaingia wanunuzi binafsi na pesa taslimu. Mkulima mwenye ada ya shule shingoni akauza kando. Simlaumu, mtoto hasubiri malipo ya pili. Ila kila gunia lililouzwa kando lilipunguza nguvu ya kile chama ambacho kesho yake alikitaka kimletee mbolea na dawa ya kahawa. Pasi yenu ya siku ni kuuza kando. Inasaidia leo. Mkifanya wote, hakuna wa kulilisha hilo jenereta.

MSIMAMIZI: Mzee ameongea ninachokisema kila siku.

MZEE: Bado sijamaliza. Na wewe ukitaka wakae kwako kama wanachama, wape kitu ambacho mwenye pasi hana. Si kahawa ya bure. Kauli.

Nadhani mzee amegusa mahali sahihi, na iHub ya Nairobi inamsaidia. Wale walianza kwa msaada wa Omidyar Network na Hivos, na walikuwa na ngazi tatu za rangi. Weupe waliandikishwa bure kupitia mtandao. Wa kijani waliingia na kukaa bila kulipa, lakini walichaguliwa kwa kuangalia kazi zao. Wekundu ndio waliolipia meza. Yaani mlango haukufunguliwa kwa pesa peke yake. Kazi ya mtu nayo ilimnunulia kiti. Mpango wa namna hiyo unahitaji mfadhili nyuma yake, na mwaka 2019 iHub ilichukuliwa na Co-Creation Hub ya Lagos. Sisi huku hatuna mfadhili wa kumlipia kijana wa Pasua kiti. Tuna tulicho nacho mfukoni, na chuo kikuu kizima cha ushirika, MoCU, mwendo mfupi kutoka mnara wa saa. Ajabu kwangu ni kwamba katika mji huu wa ushirika bado hatujaona watumiaji kumi wa ofisi ya pamoja wakiungana kupanga fremu yao wenyewe.

MHASIBU: Kabla hamjaungana, nina jambo la kuwaudhi. Mimi niliyewaambia kadi ni nafuu, kadi siichukui. Nashughulikia mishahara ya kampuni tano za utalii. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023. Siwezi kufungua orodha ya mishahara ya wapagazi kwenye meza ndefu, nyuma yangu kapita mtu na kikombe, pembeni kakaa mshindani wa mteja wangu. Siwezi kuzungumza na mteja kwa simu, watu wanane wakisikia anadaiwa kiasi gani.

MTAFSIRI: Kwa hiyo unalipia ukuta.

MHASIBU: Nalipia kabati la kufunga na chumba chenye mlango. Meza ya kudumu, 250,000. Na nataka risiti ya EFD, si karatasi ya daftari yenye mhuri. Bila risiti hiyo gharama haiingii kwenye vitabu vyangu, na kwangu kiti kisicho na risiti ni ghali hata kikiwa nusu bei.

MSIMAMIZI: Risiti ipo, mama.

MHASIBU: Nimeuliza ili na hawa wasikie. Na hizo laini mbili za intaneti, Mei 2024 zilikusaidia?

MSIMAMIZI: Ile ya tarehe 12? Hapana. Nyaya za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja chini ya bahari, na kampuni zangu zote mbili zilikuwa zinapita hukohuko. Laini mbili zinaniokoa greda likikata waya barabarani. Baharini haziniokoi.

MTAFSIRI: Siku zile mwanachama alirudishiwa nini?

MSIMAMIZI: Mkataba hausemi.

MTAFSIRI: Basi hilo ndilo la kwanza kuandikwa.

Nimeona mikataba ya namna hii, kurasa mbili za maandishi madogo. Mistari ya kutafuta ni michache. Siku za kadi zinaisha lini: miezi miwili ni ya kawaida na ni ya kukubalika, siku thelathini inamfanya mwenye kadi awe mwanachama bila haki zake. Siku zisizotumika zinahama? Kuna kusimamisha uanachama kwa mwezi ukisafiri? Notisi ya kuondoka ni ya muda gani? Mgeni wako anaruhusiwa kukaa dakika ngapi bila kulipiwa? Na kiti: je, mwanachama amehakikishiwa kiti, au amehakikishiwa mlango tu? Hili la mwisho linauma Desemba.

MTAFSIRI: Linauma kweli. Mwezi wa kumi na mbili Wachagga wote wanarudi nyumbani. Dar inahamia huku kwa mabasi, kwa magari yao na kwa treni. Na siku hizi wanakuja na kazi zao. Mtu anataka kukaa wiki mbili kijijini na bado aonekane kwenye kikao cha ofisini kwake Posta. Anashuka mjini, ananunua pasi ya siku. Mimi niliyelipa toka Januari nakuta mahali pangu kuna kijana wa benki na vipokea sauti.

MSIMAMIZI: Desemba ndiyo inayonivusha Aprili, dada. Usininyime.

MTAFSIRI: Sikunyimi. Tenga viti vya wanachama, vilivyobaki wauzie wageni hata kwa bei ya juu. Mtu wa Dar aliyekuja kula sikukuu hatashindwa elfu kumi na tano.

MUUZA SAFARI: Hapo umeongea. Bei ya mlima nayo si moja kwa wote. Mgeni analipa ya mgeni, mwenyeji ya mwenyeji.

Hoja hii naiunga mkono kwa moyo wote. Pasi ya muda mfupi iwe ghali kwa mpita njia, hasa Desemba na siku za umeme kukatika, na pato lake limshushie mzigo anayelipa mwaka mzima. Mgeni wa wiki mbili hapotezi, kwa sababu anapata bila mkataba kile ambacho angekikosa kabisa. Na kijana anayeanza, ambaye bado hajui wateja wake wako wapi wala atakuja siku ngapi, huyo auziwe kadi ya siku kumi kwa bei ya chini, mara mbili au tatu, kisha aamue. Ofisi inayomsukuma mtu wa namna hiyo asaini miezi sita siku ya kwanza inamfanyia kilekile ambacho mwenye nyumba alimfanyia, na asikubali.

Lakini kwa mtu kama Muuza Safari, siku na mwezi vyote vimepungukiwa. Kipimo chake ni msimu.

MUUZA SAFARI: Nisikie basi, bwana msimamizi. Nikulipe Juni hadi Oktoba mapema, tarehe moja Juni, miezi mitano taslimu. Aprili na Mei unishikie anwani na kabati, kiti uuze kwa mwingine.

MSIMAMIZI: Kwa bei gani hiyo Aprili na Mei?

MUUZA SAFARI: Robo.

MSIMAMIZI: Nusu. Pesa ya mapema nitaipenda, kwa sababu Julai ndiyo naenda kwa mwenye nyumba. Lakini kabati na anwani ni kazi: barua zako zinapokewa, watu wanakuulizia.

MZEE: Theluthi, na mwisho wa mwaka uwaite wote uwaonyeshe petroli imekula kiasi gani. Huo mkutano haukugharimu kitu.

MSIMAMIZI: Mkutano nakubali, mzee. Theluthi niache nikapige hesabu.

MTAFSIRI: Na zile siku anazokuwa mlimani mwezi wa Agosti? Meza ya kudumu kaifunga, mimi natafuta kiti. Tuichukue wawili. Yeye asubuhi akiwa mjini, mimi kuanzia saa kumi jioni. Akipanda, yangu siku nzima. Laki mbili na nusu tugawane, kila mmoja laki na robo. Mimi napata saa zangu za usiku na kabati kwa pungufu ya uanachama wa kawaida.

MUUZA SAFARI: Kabati lina pasipoti za wageni, dada yangu.

MTAFSIRI: Basi makabati mawili.

MSIMAMIZI: La pili naongeza elfu kumi.

MHASIBU: Na mkataba unaandikwa kwa jina la nani? Maana mkigombana Septemba, mmoja atakuwa na anwani kwenye leseni na mwingine hana hata haki ya kuingia.

MSIMAMIZI: Majina mawili, mama, sahihi mbili, risiti mbili.

MHASIBU: Na notisi?

MSIMAMIZI: Mwezi mmoja kwa yeyote atakayetoka, na atakayebaki ana wiki mbili za kumtafuta mwenzake kabla sijamdai yote.

MHASIBU: Andika wiki nne. Mwezi wa Novemba, mvua za vuli zimeanza, huyo mwenzake atatoka wapi ndani ya wiki mbili?